Unataka Forester Yako Ingurume? Uliza Kwanza Nani Atabaki na Masega

Wasee, tubonge ukweli kidogo kuhusu hii stori ya mlio.

Kila Safari Rally ikikaribia, gereji za Nairobi zinajaa. Tangu WRC irudi Kenya 2021 baada ya kupotea miaka 19, Naivasha imegeuka ka hija ya wasee wa Subaru, na hakuna mtu anataka kuingia huko na ndai imenyamaza ka gari ya mazishi. So fundi anapigiwa simu: nitolee hii sailensa ya kampuni, niwekee yenye inaongea. Masaa mawili baadaye ndai inatoka ikinguruma, mbogi inashika simu kurekodi, na mwenye gari anadrop ile laini kila mtu hudrop: "Saa hii hata inavuta poa zaidi."

Hapo ndio nataka tusimame. Mara nyingi haivuti poa zaidi. Na kitu yenye imebaki kwa gereji inaeza kuwa na bei kushinda yenye umetoka nayo.

Najua kuna msee ashaanza kusema huyu ni hater. Zii. Mlio poa ni mlio poa, na hakuna mtu mwenye damu haskii kitu Forester ya turbo ikipanda gia mbele yake. Shida ni vile hii biashara inauzwa. Unauziwa kelele kwa jina la nguvu, alafu unatozwa mara ya pili bila kujua.

Nguvu haikai mkiani

Moshi ukitoka kwa injini unapitia heda, alafu masega ka bado unayo, alafu rezoneta, alafu mafla yenyewe kule nyuma (si ile mafla ya shingo ya Limuru saa kumi na mbili asubuhi), alafu mdomo. Sisi tunaitanga hio laini yote sailensa, na hapo ndio fundi mjanja anapata nafasi, juu kila kipande kina kazi yake na bei yake.

Mafla ya nyuma iko na kazi moja: kuua kelele. Ile ya kampuni iko na vyumba ndani. Mawimbi ya sauti yanaingia, yanagonga kuta, yanarudi, yanagongana yenyewe kwa yenyewe na kuisha nguvu. Ile ya kununua, zile wanaita friflo, ni bomba lenye vitundu limezungushiwa pamba ya glasi, na moshi unapita wima bila kupiga kona. Sauti inafunguka. Fiti kabisa. Lakini nguvu?

Kwa Forester ya 2.0 isiyo na turbo, X-Trail ama Harrier ya 2.0, kubadilisha mafla peke yake kunakupatia farasi wachache sana. Mashine ya kupima inaeza kuwaona. Wewe ukiwa kwa kiti huwezi. Sababu ni simple: injini ndogo haitoi moshi mwingi hivyo, na ekzosi ya kampuni tayari inaupitisha bila stress. Kutanua mlango wa nyumba yenye ina watu watatu hakufanyi watoke haraka.

Mbona basi inaskika ni ka imekuwa kali? Juu sauti inadanganya akili. Ndai ikipiga kelele kwa mizunguko 3,000 unaskia ni ka uko 5,000. Tena sasa umependa mlio, so unakanyaga mafuta zaidi kila mahali. Gari haijabadilika, mguu ndio umebadilika, na utaiona kwa petrol station.

Alafu kuna hii hesabu fundi wengi hawataji. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini bila turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu ukilinganisha na ikiwa Mombasa. Ndio maana ukishuka ukapita Mtito Andei gari ile ile inapata roho mpya. Hakuna mafla ya kukurudishia hio asilimia 15. Ka shida yako ni kushindwa na mlima Limuru ukiwa na familia na mizigo, pelekea doh kwa plagi, chujio la hewa, mafuta ya gearbox na tairi zenye presha inafaa.

Turbo ni stori ingine. Hapo kupunguza kizuizi kunaleta nguvu ya ukweli, lakini inatoka zaidi kwa daunpaipu, ile bomba inatoka moja kwa moja kwa turbo, pamoja na kutuni kompyuta ya gari. Ukifungua njia bila kutuni, kwa Forester za zamani za SG5 na injini ya EJ20, turbo inaeza kusukuma presha kupita ile kompyuta ilipangiwa. Ukibahatika gari inakata mafuta na kukurusha mbele ka inakohoa. Ukikosa bahati mchanganyiko unakosa mafuta ya kutosha, joto linapanda, na pistoni ndio inalipa. Msee anaokoa doh ya tuni, alafu miezi mitatu baadaye anatafuta injini nusu.

Kuna pia hii imani ya bomba kubwa. Inchi 3 kwa gari ya 2.0 bila turbo ni kiatu cha babako kwa mtoto wa nursery. Moshi unahitaji kutembea na kasi ndio uvute ule wa nyuma yake. Bomba likiwa pana sana moshi unazembea, na unapoteza nguvu ya chini, ile yenye unatumia kwa jam na ukitoka kwa roundabout. Kwa injini za 2.0 hadi 2.5 bila turbo, inchi 2 hadi 2 na robo, nusu mwisho, inatosha. Inchi 3 wachia turbo.

Kabla tutoke hapa, kuhusu ule mlio wenyewe wa Subaru. Ile "brrrr-brrrr" watu wazima walipenda kwa Safari Rally, ile Colin McRae alishinda nayo 1997 akiwa na Impreza, haikutoka kwa mafla. Ilitoka kwa heda. Injini imelala, silinda mbili kila upande, na bomba za upande mmoja zilikuwa ndefu kuliko za upande ule mwingine, so moshi unafika pale kwa makutano bila mpangilio. Huo ukosefu wa mpangilio ndio mlio. Forester XT za kuanzia 2013 hivi, za injini ya FA20, zina njia zinalingana zaidi. Kwa hivyo ukinunua Forester mpya mpya uweke mafla ya bei, utapata kelele, lakini haitakuwa ile sauti iko kwa kichwa yako. Wasee wengi wanabadilisha mafla mara tatu wakitafuta kitu yenye haiko hapo.

Sasa masega

Hii ndio sehemu nilitaka tufike.

Kati ya injini na mafla kuna kigudulia cha chuma, na ndani ni vishimo vidogo vidogo ka sega la nyuki. Mafundi wanaita masega. Kwa makaratasi ni katalitiki konvata. Kazi yake ni kubadilisha gesi mbaya: kaboni monoksaidi, mabaki ya petroli haijaungua, na zile oksaidi za naitrojeni. Ikishapata moto vizuri inamaliza zaidi ya asilimia 90 ya hio sumu. Na inafanya hivyo juu vile vishimo vimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu.

Rodiamu, wasee. 2021 aunsi moja ilipita dola 20,000, wakati dhahabu ilikuwa inacheza karibu dola 1,800. Bei imeshuka tangu hio time, na ndani ya masega moja ni gramu chache tu za hizi vyuma, lakini bado iko na thamani ya kufanya watu walale chini ya magari. Kule Marekani wezi walikuwa wanaingia chini ya Prius usiku na msumeno wa betri, dakika mbili wametoka nayo, mpaka majimbo yakaanza kutunga sheria za kuzuia wanunuzi.

Sisi hatuhitaji mwizi wa usiku. Tunampelekea gari mchana, tunamwachia funguo, tunaenda kukula chapo madondo, tukirudi tunamlipa.

Vile inaendanga ni hivi. Umeenda kutafuta mlio. Fundi anaingia chini, anagonga gonga, anatoka na uso wa daktari: "Buda, hii masega yako imeziba. Ndio maana gari ni nzito. Nikuitolee nikuwekee bomba safi?" Inaskika poa, na mlio utakuwa mkubwa zaidi. Unasema sawa. Hakuna mahali kwa hio mazungumzo mtu ametaja ile iliyotolewa inaenda wapi. Kuna wasee wananunua hizo vitu, wanapima, wanalipa keshi. Ka hujauliza, hio doh imeingia mfuko wa mtu mwingine, na wewe umelipa labour juu yake.

Ni kweli masega inaeza ziba. Ka injini inakula oil, ama silinda moja ilikuwa inamisi kwa muda mrefu, vile vishimo vinaungua na kufungana, na gari inakosa pumzi kabisa kwa mizunguko ya juu. Lakini hio inapimwa. Fundi wa ukweli anatoa sensa ya oksijeni ya kwanza, anadunga geji ya presha kwa hio tundu, anarev, anakuonyesha namba. Ama anachomeka mashine ya dayagnosi usome kodi mwenyewe. Kugonga na nyundo na kuskiza si kipimo. Na ka gari ilikuwa inapanda hadi 120 kwa Southern Bypass bila kukohoa, hio masega haijaziba, acha kudanganywa.

Ukishaitoa, mambo kadhaa yanafuata. Taa ya injini inawaka kwa dashibodi, juu sensa ya pili inaona moshi haujasafishwa. Fundi ana dawa ya hio pia: anasongesha sensa nje na kipande cha chuma ndio isione vizuri. Taa inazima. Lakini sasa umefundisha gari yako kudanganya, na siku kitu ya ukweli ikiharibika huko, hutaambiwa. Alafu kuna ile harufu. Wale mmekaa nyuma ya Subaru imetolewa masega kwa jam ya Jogoo Road mnaijua, macho inawasha, koo inakauka. Hio ni petroli mbichi na gesi zingine. Anayevuta zaidi ni msee wa boda hapo pembeni, na mama anauza mahindi kwa kona.

Wa dizeli msicheke. Zile CX-5 za dizeli na Prado mpya mpya ziko na kichujio cha masizi, na ndio hicho wengi wanatoboa kikianza kusumbua kwa safari fupi fupi za mtaa. Shirika la utafiti wa kansa la WHO liliweka moshi wa dizeli kwa orodha ya vitu vinavyosababisha kansa tangu 2012. Ule moshi mweusi unatoka ukikanyaga si ishara ya nguvu. Ni mafuta umelipia na hayajaungua.

Mwili wa gari pia unaongea

SUV si saloon, na hapa ndio wengi wanachomeka. Nyuma ya SUV ni ukuta umesimama. Ukitembea, hewa inapita juu na pembeni, alafu nyuma kunabaki nafasi inavuta vitu kurudi. Ka fundi amekata bomba fupi, mdomo ukaishia chini ya bamba badala ya kutokea nje, moshi unavutwa kurudi kwa buti. Raba ya mlango wa nyuma ikiwa imechoka, ama ukitembea na buti wazi juu umebeba kitanda, gesi inaingia ndani. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma na usingizi, na ka masega pia haiko, kiwango ni kikubwa zaidi. Watoto wamelala nyuma safari ya ocha, unadhani ni uchovu tu. Hii sehemu siwezi kufanya jokes. Mdomo lazima utokeze nje ya bamba, na kila mahali pamechomelewa pasivuje.

Ile ingine ni mvumo. Injini ya silinda nne inapiga mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika hio ni mapigo 100 kwa sekunde. Kwa 2,400 ni 80. Hizo ni sauti za chini, za besi, na kabati ya SUV ni sanduku kubwa tupu lenye linazipenda ka vile nganya inapenda spika. Kwa dakika tano za kwanza ni raha. Kutoka Nairobi hadi Eldoret, mizunguko ile ile, masaa tano, utaomba mtu azime gari. Manzi wako atalala na earphones na hamtaongea mpaka Nakuru.

Na ka gari yako ni ya CVT, ile gearbox haina gia za kuhesabu, hali ni mbaya zaidi. CVT inashika mizunguko moja na kuing'ang'ania wakati kasi inapanda. Hakuna ile ya kupanda na kushuka yenye inafanya mlio uwe mtamu. Ukiweka mafla ya kelele kwa X-Trail ya CVT unapata sauti ya posho mill, na sijawahi kuona mtu akirekodi posho mill.

Dawa ya mvumo ni rezoneta. Ndio hio fundi anakuambia ukate pia "ndio isikike vizuri". Usikate. Rezoneta inaua zile sauti mbaya za katikati na kuachilia nzuri. Mtu anayejua kazi anaweka mafla yenye imefunguka kiasi, anaacha rezoneta, na unapata gari inanguruma ukikanyaga na kunyamaza ukitembea pole pole. Ukiwa na doh zaidi, kuna zile ziko na valvu ya kufungwa na swichi. Mtaani unafunga, Naivasha unafungua. Kati ya vitu vyote vya hii biashara, hio ndio mimi naona inastahili bei yake.

Kuhusu kununua, Kirinyaga Road, ile wazazi bado wanaita Grogan, utapata kila sticker duniani. HKS, Fujitsubo, Blitz, zote zinang'aa. Sticker ni karatasi. Kwa mafla za ukweli kutoka Japan angalia kibao cha chuma kimeandikwa JASMA, ambacho kinaonyesha ilipitishwa kwa vipimo vya sauti vya huko, maana Japan yenyewe ilikaza sheria za mafla za kununua tangu Aprili 2010. Kibao pia kinaeza kufekiwa, so tembea na kasumaku. Stenlesi ya 304 kwa kawaida haishiki sumaku. Ikishika kwa nguvu na muuzaji anaapa ni 304, unajua mnaongea lugha gani. Chuma ya kawaida inapakwa rangi inang'aa, lakini safari fupi za jam zinaacha maji ndani ya mafla, na inaoza kutoka ndani kwenda nje. Wasee wa Mombasa na hewa ya chumvi mnajua hii kuliko mimi.

Na usinunue kwa video. Simu inabana sauti, kila mafla inaskika sawa TikTok. Tafuta msee ana gari ka yako, injini ile ile, omba akubebe, panda kiti cha nyuma, madirisha juu, mwambie ashike 80 hadi 100 kwa highway. Kiti cha nyuma ndio kinasema ukweli. Uliza pia ameiweka kwa muda gani, juu ile pamba ya glasi inaungua polepole na mlio unaongezeka kila mwaka. Yenye ni tamu leo inaeza kuwa kero baada ya miaka miwili.

Karao, NEMA na ukaguzi

Sheria iko, na ni ya kitambo. Kanuni za kelele za NEMA za 2009 zinasema gari isitoe sauti kubwa isiyo ya kawaida na isipite desibeli 84 ikiongeza kasi. Kanuni hizo hizo zinataka mtaa wa makazi usipite 50 nje mchana, na 35 usiku. Desibeli hazihesabiwi ka shilingi: ukiongeza 10, sikio linaskia ni ka mara mbili. Kwa hivyo msee wa mafla imetolewa kabisa akipita Umoja saa nane usiku hajapita kidogo. Na zile "pop-pop" za kutuniwa, mafuta yakiunguzwa ndani ya bomba makusudi, zinaua masega na kuchosha turbo, na kwa hii Kanairo watu wakiskia mlio ka huo hawafikirii rally. Wanalala chini.

Shida ya sheria ni kwa utekelezaji. Karao kwa roadblock anatumia sikio, na sikio halitoi risiti. Sheria yenye haina kipimo mkononi inageuka mazungumzo, na mazungumzo tunajua yanaishianga wapi. Mathree inasimamishwa kila siku kwa kelele, V8 inapita na king'ora hakuna anayeuliza. So msee wa Subaru anaona hii ni mchezo wa bahati tu, na siwezi sema amekosea sana.

Lakini kuna kitu inakuja yenye haitakuwa ya bahati. Traffic Act tayari inasema gari yenye imepita miaka 4 tangu itengenezwe inafaa kukaguliwa. Kwa magari ya private hio imekuwa ni maandishi tu, ikijaribiwa na kurudi nyuma. Mwaka 2025 serikali ilirudi nayo tena kwa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi. Sasa piga hesabu: Kenya inaruhusu gari za mtumba za hadi miaka 8, na nyingi zinaingia zikiwa na miaka 6 ama 7. Hiyo inamaanisha Forester, Harrier na X-Trail karibu zote za mtumba zinafika bandarini Mombasa zikiwa tayari zimepita huo umri. Siku private zikianza kupangwa laini kwa ukaguzi, moshi ukipimwa, masega zenye ziliuzwa keshi miaka hii yote ndio watu wataanza kutafuta. Na watazinunua kutoka kwa nani? Kwa wale wale walizitoa.

Kitu ingine, insurance. Ka umebadilisha gari na hujawaambia, umewapatia sababu ya kubishana na wewe siku ya ajali. Piga simu, ni dakika kumi.

So ukiingia gereji wiki hii, sema kabla fundi hajaingia chini: masega haiguswi, rezoneta haiguswi, tunabadilisha mafla ya nyuma peke yake. Piga picha chini ya gari kabla na baada, simu yako iko na flash. Simama hapo ama utume mtu asimame, chapo itangoja. Ka masega imepimwa na kweli imekufa, ni yako bado, rudi nayo nyumbani. Ukiiuza uza mwenyewe, kwa mtu ana leseni ya vyuma chakavu ka vile Scrap Metal Act ya 2015 inataka, na hio doh ndio inasaidia kununua ingine.

Na ile mafla ya kampuni usimwachie fundi "anitupie". Ifunge kwa gunia uweke store. Siku ya ukaguzi ama siku ya kuuza gari kwa mzee anataka gari imetulia, utaihitaji, na ukirudi kuitafuta Kirinyaga Road utaipata hapo ikikungoja, imeoshwa, na bei juu.